Coccinelle: miezi mitatu ya kusafisha makatizo ya kerneli kwa zana ya bure

Coccinelle ni zana ya kutafuta na kubadilisha msimbo wa C kwenye faili nyingi kwa mpigo mmoja. Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeinyima, na sababu yake ilinikesha usiku kucha. Nitaifikia.

Kwanza mjue natokea wapi, maana zana ya kazi huipimi bila kuiona kazi. Ninaandika programu za mashine za kuuzia maji: kisima, tangi, bomba nne, na kiboksi cha chuma chenye kioo kidogo na modemu ndani. Mteja analipa kwa simu, ujumbe wa malipo unashuka kwenye modemu, bomba linafunguka, lita zinahesabiwa. Ndani ya kiboksi kuna bodi ndogo ya ARM yenye kiini kimoja tu cha prosesa, nayo inaendeshwa na Linux, ambayo moyo wake ndio unaoitwa kerneli. Draiva zake, yaani programu za kuongoza vifaa, tumeziandika wenyewe ofisini. Kusema kweli, tuliandika moja, nyingine thelathini tukazinakili kutoka kwa hiyo moja.

Mwezi wa kwanza mwaka huu mama mmoja mwenye kioski huko Chanika alinipigia saa moja asubuhi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba harakaharaka, akaingia kwenye shida yake: "Mwanangu, mteja kalipa, meseji ya makato kaiona, mashine yako imenyamaza. Nimpe maji ama nisimpe?" Nikamwambia ampe, tutahesabiana baadaye. Akasema, "Haya. Na wa jana, na wa juzi?" Sikuwa na la kumjibu.

Tulichokijua ni kimoja tu: inatokea asubuhi, foleni ikiwa ndefu na bomba zote nne zinamwaga. Usiku mashine haikosei hata mara moja. Kwa mtu wa kerneli hiyo ni dalili nzito, maana kinachoongezeka asubuhi ni makatizo.

Katizo, kwa asiyelijua, ni hodi. Kifaa chenye jambo kinabisha, prosesa inaacha ilichokuwa inafanya, inakwenda mlangoni, inasikiliza, inarudi. Adabu ya mlangoni ni kutokaa. Tangu Linux 2.6.35 ya mwaka 2010, kipokezi cha katizo, yaani fanksheni inayokwenda mlangoni, kinafanya kazi huku makatizo mengine ya kiini hicho yamezimwa, kwa hiyo ukimchemshia mgeni mmoja chai, wengine wote wanabaki nje juani. Sisi tulikuwa tunachemsha chai. Kihisi chetu cha lita ni swichi ya sumaku, na swichi ya namna hiyo ikifunga haitulii papo hapo, inatetemeka kidogo na kutoa mipigo ya uongo. Aliyeandika draiva ya kwanza akaona dawa ni kusubiri itulie. Ndani ya kipokezi akaweka `mdelay(20)`, yaani prosesa isimame milisekunde 20 ikikodolea macho ukuta. Mstari huo mimi ndiye niliyeupitisha, kwa hiyo simtaji mtu.

Piga hesabu. Modemu inaongea na bodi kwa kasi ya 115200, sawa na baiti 11,520 kwa sekunde. Bafa ya upande wa bodi, yaani chombo cha kupokelea baiti, inabeba baiti 16, kama chipu za 16550 za tangu zamani. Inajaa ndani ya milisekunde 1.4. Ujumbe wetu wa malipo una baiti kama 90 na unapita wote ndani ya milisekunde 8. Ukikuta prosesa imesimama na `mdelay(20)` yake, baiti 16 za mwanzo zinabaki, zilizosalia zinamwagika kama maji ya ndoo iliyotoboka. Mbaya zaidi, swichi ikitetemeka wakati huohuo, katizo jingine linakaa foleni, na kipokezi kikimaliza kinaitwa tena, kinasubiri 20 nyingine. Ukitaka kuhakikisha, fungua `/proc/tty/driver/serial` uangalie namba iliyo mbele ya `oe`. Hiyo ndiyo hesabu ya mara ambazo bafa ilifurika. Kwenye mashine ya Chanika ilikuwa inapanda kila asubuhi, na mchana imetulia tuli.

Basi ugonjwa tumeujua. Kilichobaki ni faili 31, na kipokezi kile kimenakiliwa humo kwa sura 31 zisizofanana. Kwingine kigezo kinaitwa `dev`, kwingine `data`, kwingine `p`. Kwingine `mdelay` iko juu kabisa, kwingine imejificha ndani ya `if` mbili. Nilijaribu `sed`, zana ya kubadilisha maneno kwenye faili. Sitaki kuizungumzia. Itoshe kusema `sed` inaona herufi, haioni msimbo, na ilinifutia `mdelay` moja iliyokuwa halali kabisa, ile ya kuamsha kioo wakati mashine inawaka.

Hapo ndipo nikaikumbuka Coccinelle, ambayo nilikuwa naisikia miaka yote bila kuigusa.

Ni zana iliyozaliwa kwa watafiti, Ufaransa na Denmark, jina kubwa likiwa Julia Lawall wa taasisi ya Inria, pamoja na Yoann Padioleau, Gilles Muller na René Rydhof Hansen. Jina lenyewe ni la Kifaransa, la yule mdudu mwekundu mwenye madoa meusi anayekula vidukari shambani. Wameiachia hadharani tangu 2008, leseni ni GPL 2, bei ni sifuri. Shida waliyotaka kuitatua ni ileile yangu, ila kwa ukubwa wa kutisha: kerneli ikibadilisha kitu kimoja katikati, draiva zote za pembeni lazima zibadilike pamoja nayo. Mfano ulio karibu na kazi yangu ni wa mwaka 2006. Kabla ya Linux 2.6.19 kila kipokezi cha katizo kilikuwa kinapewa vitu vitatu, cha tatu kikiwa `pt_regs`, ambacho karibu hakuna draiva iliyokuwa inakitumia. Kikaondolewa. Kuondoa neno moja kukalazimu kugusa draiva za kila aina, kuanzia kadi za mtandao hadi kibodi.

Kuisakinisha hakuna hadithi. Kwenye Debian ni `apt install coccinelle`, programu yenyewe ukiiita inaitikia `spatch`. Imeandikwa kwa OCaml, lakini OCaml huhitaji kuijua. Kilichokula bando ni kerneli, karibu MB 150 kwa faili iliyobanwa ya 6.12, nayo nilikuwa naihitaji kwa vyovyote.

Unachokiandika wewe wanakiita kiraka cha maana, na jina linafaa. Kiraka cha kawaida kinasema "mstari wa 88 toa hiki weka hiki". Hiki kinasema "popote utakapokuta jambo la namna hii, lifanye hivi". Hiki hapa ndicho cha kwanza nilichoandika kikakubali:

```
@shika@
identifier fn;
expression E;
@@
request_irq(E, fn, ...)

@@
identifier shika.fn, i, d;
expression E;
@@
irqreturn_t fn(int i, void *d)
{
<...
- mdelay(E);
+ if (mpigo_wa_uongo(d, E))
+ 	return IRQ_HANDLED;
...>
}
```

Kitazame vizuri, maana utamu wote uko hapo. Sehemu ya kwanza haibadilishi chochote. Inazunguka kwenye faili kutafuta nani kapewa cheo cha kupokea katizo kupitia `request_irq`, inashika jina lake. Sehemu ya pili inamfuata mwenye jina hilo hadi ndani kwake, na `mdelay` inayoondolewa ni iliyomo humo peke yake. Ile ya kuamsha kioo haiguswi, kwa sababu kioo hakikuwahi kutajwa kwenye `request_irq`. Vile vinukta `<... ...>` maana yake ni "popote ndani ya hapa, mara yoyote". Na `d` ni jina lolote ambalo mwandishi alikipa kigezo cha pili. Akikiita `dev`, `data` au `p`, mstari mpya unatoka na jina hilohilo. `mpigo_wa_uongo` ni fanksheni yangu ndogo. Inaangalia saa ya `ktime_get`, inalinganisha na mpigo uliopita, kama hazijapita milisekunde 20 inasema huyu ni mtetemo, mpuuze. Hakuna kusubiri tena.

Niliiendesha kwenye folda nzima:

`spatch --sp-file tulia.cocci --dir drivers/maji --in-place`

Sekunde chache, faili zikabadilika. Nikafungua `git diff` nikitegemea balaa, nikakuta kazi safi: nafasi za mwanzo wa mistari zimekaa sawa, maoni ya waandishi hayajaguswa. Kitu kilichonifurahisha kuliko vyote ni kwamba zana hii inajua sura tofauti za maana moja. Mtu akiandika `if (p == NULL)` na mwingine `if (!p)`, kwake ni kauli moja. Wewe unaandika ile ya `== NULL` tu, yeye anazikamata zote mbili. Na `...` yake ikikaa kati ya kauli mbili haifuati mistari ya ukurasa, inafuata njia za utekelezaji: kama fanksheni ina `return` tatu, zote tatu zinakaguliwa.

Tukaipeleka Chanika. `oe` ikashuka kutoka kupanda kila dakika chache hadi mara mbili tatu kwa asubuhi nzima. Ila haikufika sifuri.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo peke yake ingetosha kunifanya niipe nyota tatu hata kama nisingeandika kiraka hata kimoja. Kerneli inakuja na maktaba ya kanuni zilizokwisha kuandikwa, ziko ndani ya `scripts/coccinelle`, na unazipiga zote kwa amri moja: `make coccicheck MODE=report M=drivers/maji`. Nilifanya hivyo nikisubiri wali uive. Ikarudi na mistari saba. Mitatu ilikuwa kelele. Miwili ilihusu `free_irq` tulizokuwa tunaziita kwa katizo lililoombwa kwa `devm_request_irq`, ambalo kerneli hulirudisha yenyewe, na ndiyo maana kila tulipotoa moduli tulikuwa tunafokewa kwamba tunaachilia katizo lililokwisha kuachiliwa. Tulikuwa tumeizoea fokeo ile kama watu wa Kariakoo wanavyozoea honi. Mmoja ulihusu draiva iliyoomba uzi wa katizo, yaani kazi ya katizo ifanywe baadaye na si mlangoni, bila bendera ya `IRQF_ONESHOT`, jambo ambalo kerneli ya sasa inalikataa kwenye laini za kawaida, na kweli draiva ile ilikuwa haiwaki, nasi tulishailaumu waya.

Wa saba ndio niliokuwa nautafuta. Ulitoka kwenye kanuni iitwayo `flags.cocci`, ukisema kuna kufuli (kizuizi cha sehemu mbili za msimbo kugusa data moja kwa wakati mmoja) ndani ya kufuli, na la ndani linatumia tena `flags` ya mstari wa 212. Nikafungua:

```
spin_lock_irqsave(&bomba->kufuli, flags);
...
	spin_lock_irqsave(&modemu->kufuli, flags);
	...
	spin_unlock_irqrestore(&modemu->kufuli, flags);
...
spin_unlock_irqrestore(&bomba->kufuli, flags);
```

Unaiona? Nilipita hapo mara labda hamsini kwa macho yangu mwenyewe na sikuiona. `spin_lock_irqsave` inazima makatizo na kuandika kwenye `flags` yalikuwaje kabla, ili wakati wa kufungua yarudi yalivyokuwa. Kufuli la kwanza linaandika: "yalikuwa yamewashwa". Kufuli la pili linaandika juu yake: "yalikuwa yamezimwa", na ni kweli, la kwanza ndilo lililoyazima. Ni kama kuandika namba ya simu kwenye kiganja, halafu ukaandika nyingine juu yake. La ndani likifunguliwa linarudisha hali ya kuzimwa, sawa. La nje nalo likifunguliwa linarudisha hali ya kuzimwa, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana mwenye kukumbuka kwamba yalikuwa yamewashwa ameshafutwa. Uzi wetu wa kerneli ukawa unaendelea na shughuli zake, ikiwemo kuchora tarakimu kwenye kioo, milisekunde kadhaa, makatizo yote yakiwa yamefungiwa nje. Kisha ukilala, yanarudi yenyewe, hakuna alama iliyobaki. Hakuna kugoma, hakuna ujumbe, ni baiti kadhaa za modemu zilizopotea asubuhi ya watu wengi.

Nikaweka `flags2`, nikakompaili, nikala wali. `oe` ikasimama.

Hapo ningemaliza na kutoa nyota tano, lakini mtu akionja asali huchonga mzinga. Nilishaona kwamba kipokezi kinakuta makatizo yamezimwa tayari, kwa hiyo `spin_lock_irqsave` ndani yake ni kazi ya bure, `spin_lock` tupu inatosha. Ni kweli. Nikaandika kiraka cha kubadilisha kwenye vipokezi vyote, na kwa kuwa baadhi ya draiva tulishazihamishia kwenye nyuzi, kanuni yangu ya kushika majina ikawa `request_threaded_irq(E, ..., fn, ...)`. Walioizoea zana hii wameshaanza kucheka. Vile vinukta vinakubali chochote, na `request_threaded_irq` inapokea fanksheni mbili: ya mlangoni, ambayo inakuta makatizo yamezimwa, na ya uzi, ambayo inaendeshwa baadaye makatizo yakiwa wazi. Kanuni yangu ikazishika zote mbili. Ya uzi nayo ikabadilishwa, na hiyo haikutakiwa kuguswa: uzi ukishika kufuli tupu, katizo likaingia katikati, kipokezi cha mlangoni kinataka kufuli lilelile ambalo mwenyewe hawezi kuliachia mpaka kipokezi kiondoke.

Kwenye bodi yetu ya kiini kimoja, kerneli isiyo na SMP, yaani isiyoshughulikia viini vingi, `spin_lock` haizunguki kusubiri, inazuia tu kupokonywa prosesa. Kwa hiyo hakuna kitu kingeganda. Hesabu za lita ndizo zingekuwa zinaharibika kimyakimya, na mama wa Chanika angenipigia tena. Kilichoniokoa ni tabia yangu ya kujaribu kwanza kwenye QEMU, mashine ya kuigiza ndani ya kompyuta, yenye viini vinne na `CONFIG_PROVE_LOCKING`, mkaguzi wa makufuli wa kerneli, ikiwa imewashwa. Dakika ya kwanza tu ikapiga yowe kwamba kufuli limeshikwa huku makatizo yako wazi, kisha limeshikwa tena ndani ya katizo. `git checkout .` nikaanza upya, safari hii na kanuni mbili tofauti.

Sikuikata nyota kwa hilo. Zana ilifanya nilichoiambia, neno kwa neno. Haijui fanksheni gani inaitwa kutoka wapi kwenye mashine inayotembea, wala haijawahi kudai kwamba inajua.

Nyota niliikata kwa jambo jingine. Aina moja ya vihisi tunavyotumia huko Mkuranga ina draiva iliyoandikwa na kijana mmoja aliyependa makro, yaani majina ya mkato yanayogeuzwa kuwa msimbo kamili kabla ya kukompaili. Kipokezi chake hakianzi na `irqreturn_t`, kinaanza na `KIPOKEZI(bomba_nne)`, na ndani hakuna `mdelay`, kuna `TULIA(20)`, ambayo imefafanuliwa kwenye faili nyingine kabisa. Coccinelle haipitishi msimbo kwenye kichakataji cha makro kwanza. Inasoma kama mwandishi alivyoandika, na hiyo ndiyo siri ya kurudisha kazi safi isiyovuruga faili. Gharama yake ni hii: fanksheni ambayo imeshindwa kuisoma inairuka. Haisemi. Haikohoi. Inapita kama vile hakuna kitu.

Mimi nikaamini faili zote zimeguswa. Tukaweka bodi ya Mkuranga mezani ofisini, bomba la majaribio likimwaga kwenye beseni, na `oe` inapanda. Nilikaa kuanzia saa mbili usiku. Nikabadilisha modemu, nikabadilisha waya, nikapunguza kasi ya laini, nikaanza hata kuishuku saa ya bodi. Umeme ukakatika saa sita, nikaendelea na betri. Ilipofika saa kumi alfajiri nikaendesha `spatch --parse-c` kwenye faili ile moja, ambayo kazi yake ni kukuambia sehemu gani ya faili imesomeka na ipi haikusomeka, na nikaona kipokezi chote kiko upande wa visivyosomeka. Kuna dawa, unatengeneza faili ya kueleza makro zako na kuitaja kwa `--macro-file`, ikasoma vizuri baada ya hapo. Lakini dawa hiyo unaijua baada ya kuugua. Mstari mmoja tu wa onyo, bila kuombwa, ungenirudisha nyumbani saa tatu.

Malalamiko mengine ni madogo. Ukikosea sarufi ya kiraka unaambiwa `minus: parse error` na namba ya mstari, kisha ubaki na Mungu wako, mara nyingi kosa liko mstari wa juu yake au umesahau kutangaza kwamba `E` ni `expression`. Mwongozo umeandikwa kama sarufi ya lugha, si kama somo, kwa hiyo njia fupi ni kufungua zile kanuni zilizomo kwenye kerneli na kuiga. Na kama unataka kuipitisha kwenye `drivers/` yote ya Linux, siyo folda yako tu, iache usiku na feni iwashwe. Yangu ya viini vinne na GB 8 ilikuwa inapumua kama pikipiki ya mchanga.

Wengi wananiuliza kama bado inahitajika, maana siku hizi kerneli ina njia mpya ya makufuli. Ni kweli, tangu 6.5 ya mwaka 2023 kuna `guard`, aliyoileta Peter Zijlstra: unashika kufuli kwa mstari mmoja, na kompaila yenyewe inalifungua ukitoka kwenye mabano. `flags` huioni kabisa, kwa hiyo kosa langu la mstari wa 212 halina pa kuzaliwa. Kwenye 6.16 ya Julai 2025 Thomas Gleixner aliugeuza msimbo wa makatizo wa kerneli, ule wa `kernel/irq`, ukawa na `guard`, na ukiusoma kabla na baada utaona rundo la `goto` za kufungulia makufuli limeyeyuka. Jibu langu ni kwamba kuhama kutoka kule kuja huku ndiyo kazi hasa ya Coccinelle. Nimeshahamisha draiva kumi na moja hivyo. Angalia kitu kimoja tu: `guard` inashikilia hadi mwisho wa mabano, si hadi pale ulipokuwa unafungulia zamani, kwa hiyo kama baada ya `unlock` kulikuwa na kazi ndefu, sasa iko ndani ya kufuli. Kiraka changu nilikiandika kishike zile tu ambazo `unlock` ndiyo kauli ya mwisho. Zilizobaki nazisoma kwa macho.

Kwa mwenye faili mbili au tatu, asijisumbue, ahariri kwa mkono, sarufi ya zana hii itamlia wiki nzima kabla haijamrudishia saa moja. Lakini hata huyo namsihi apige `make coccicheck` mara moja kwenye folda yake. Haigharimu kitu, na wali hauungui.

Faili ya Mkuranga nimeisafisha lakini makro ya `TULIA` bado iko kwenye faili ya vichwa, kwa sababu draiva ya pampu inaitumia nje ya katizo na sijapata muda wa kuonana na aliyeiandika. Mama wa Chanika hajapiga tangu mwezi wa nne, ila wiki iliyopita alinitumia meseji kuuliza kama mashine inaweza kuonyesha bei kwa maandishi makubwa zaidi, miwani yake imevunjika.